Kismayo, Mahali Ambapo Ukristo Hauna Kipaza Sauti

Ukitaka kupima uzito wa dini ya mtu, mpeleke mahali asikoruhusiwa kuihubiri. Kwa Mkristo, pwani ya Kismayo ni mahali pa namna hiyo. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inasema Uislamu ndio dini ya dola, na kwamba hakuna dini nyingine inayoruhusiwa kuenezwa nchini. Hakuna kengele ya kanisa wala mkutano wa Injili uwanjani, na njia panda hazina mabango ya manabii wa miujiza. Ukishuka kusini kwa chombo, ukavipita Koyama, Ngumi, Chovai na Chula mpaka Rasi Kamboni mpakani na Kenya, visiwa vyote hivyo ni vya Wabajuni, na Wabajuni ni Waislamu tangu enzi za mababu wa mababu zao.

Hata hivyo Wakristo wapo. Wapo askari wa Kenya tangu vikosi vyetu vilipoingia mjini mwaka 2012. Wapo pia mafundi, wauguzi, madereva na wahasibu wa mashirika ya misaada. Wanasali ndani ya kuta za kambi. Ibada ikiisha wanarudi kazini, katikati ya watu ambao hawatawasikia hata siku moja wakiimba.

Nimekuwa nikiwafikiria watu hawa kwa muda mrefu, kwa sababu naamini swali lao ni letu sote. Mkristo asiyeweza kuimba hadharani, kuhubiri wala kubandika aya kwenye kioo cha gari, anamtukuza Mungu kwa kitu gani? Sisi wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam hatulazimiki kulijibu. Tuna vipaza sauti. Tuna mikesha, tuna televisheni za makanisa, na kila mwanasiasa anaanza hotuba yake kwa kumpa Mungu utukufu. Swali hilo limetupita kando, na nadhani tumepata hasara.

Miongoni mwa Wakristo wa kwanza kujaribu kuishi pwani ya Kismayo wakati wa ukoloni walikuwa Walutheri kutoka Sweden. Walifungua kituo Kismayo kuelekea mwisho wa karne ya 19, Jubaland ikiwa bado chini ya Waingereza. Walikuja na matumaini ya kuwafikia Waoromo, lakini waliowapokea zaidi ni watu wa bonde la mto Juba: Wazigua, Wayao, Wamakua na wengineo waliokuwa wameuzwa utumwani kutoka Tanzania ya leo na Msumbiji, au waliozaliwa na hao waliouzwa. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo hilo, na mwaka 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Ethiopia, wamisionari wale wa Kiswidi wakafukuzwa. Kazi ya miaka karibu 40 ikakatika.

Baadaye walikuja Wamenno (Mennonite) kutoka Marekani, walioingia Somalia mwaka 1953. Historia yao ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kando ya mto Juba, katika mji wa Jamaame, kaskazini ya Kismayo, waliendesha shule na hospitali. Mnamo Julai 1962 mmisionari wao mmoja, Merlin Grove, alichomwa kisu akafa Mogadishu alipokuwa akiandikisha wanafunzi, na mkewe Dorothy akajeruhiwa vibaya. Mwaka uliofuata katiba ya nchi ikarekebishwa ili kupiga marufuku uenezaji wa dini isiyokuwa Uislamu, na serikali ikaagiza shule zote, zikiwemo za wamisionari, zifundishe dini ya Kiislamu.

Tafakari hali yao. Mmeacha kwenu ili kuhubiri Injili. Mwenzenu ameuawa, damu yake haijakauka. Sasa mnaambiwa kuhubiri mwisho, tena mumwajiri mwalimu wa Kurani ndani ya shule mliyoijenga kwa sadaka za wakulima wa Pennsylvania. Wengi wetu tungefunga virago na kuondoka tukijisifu kwamba tumeteswa kwa ajili ya imani. Wamenno walikaa wakashauriana, kisha wakakubali. Waliendelea kufundisha hesabu na sayansi, waliendelea kutibu malaria na kuzalisha akina mama kwa karibu miaka kumi, mpaka shule na hospitali zao zilipotaifishwa na utawala wa Siad Barre mwaka 1972. Mwaka 1976 wote wakaondoka.

Wako Wakristo wanaoona uamuzi ule ulikuwa kuisaliti Injili. Mimi nauona kuwa mmoja wa maamuzi ya Kikristo kabisa yaliyowahi kufanywa kwenye pwani hii. Wamenno walijiuliza: mgonjwa wa Jamaame anahitaji nini kesho asubuhi? Wakaona kwamba jina la Mungu halitapata sifa yoyote kwa mlango wa hospitali kufungwa.

Tuna aya moja tunayoipenda mno. Tunaichapisha kwenye kalenda, tunaiweka kwenye kadi za harusi: ile ambayo Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hata wanapokula na kunywa, wafanye yote kwa utukufu wa Mungu. Tumeigeuza kuwa aya ya kufanya kazi kwa bidii na kufaulu mitihani. Isome pamoja na zilizoitangulia, mwishoni mwa sura ya kumi ya barua ya kwanza. Paulo anazungumzia nyama. Korintho nyama nyingi ya sokoni ilikuwa imepitia kwenye mahekalu, na waumini walikuwa wakigombana kama inalika. Jibu lake ni la mtu aliyeishi na majirani: nunua sokoni bila kuhoji, ukialikwa na asiye wa imani yako, kula alichokuandalia, ila kama yupo mtu ambaye dhamiri yake itaumia ukila, acha, kwa ajili yake. Hapo ndipo anaposema mambo ya utukufu wa Mungu, na mara tu baadaye anawaonya wasiwe kikwazo kwa Wayahudi, kwa Wayunani, wala kwa kanisa.

Kwa hiyo aya yetu ya kalenda ilizaliwa mezani, kwenye swali la namna ya kula na jirani wa dini nyingine. Hakuna watu wanaopaswa kuielewa kuliko sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Tangu zamani jamaa za Kikristo huku zikiwa na shughuli, iwe harusi au matanga, humwita jirani Mwislamu aje achinje, ili kila atakayefika mlangoni apate kula. Hakuna sheria iliyowalazimisha, na mbuzi hapungukiwi na ladha. Ni desturi ndogo, inafanyika nyuma ya nyumba alfajiri, na mchinjaji huondoka na mguu au ngozi yake. Najua kuna makanisa mapya yanayoikemea kama udhaifu wa imani. Tulikwishaona ugomvi huo unakoishia: Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, fujo zilizotokana na nani achinje nyama ya kuuzwa buchani zilimuua mchungaji. Kila upande ulikuwa na haki yake ya kisheria ya kubishania. Lakini Paulo hakuwaandikia Wakorintho kuhusu haki. Aliwaandikia watu wenye haki kamili ya kula, akawaomba wakumbuke nani mwingine yuko mezani.

Fundi Mkenya aliyeko Kismayo mwezi wa Ramadhani, akajizuia kunywa maji barabarani saa nane mchana ilhali dini yake haimkatazi, anaitii aya ile kuliko anayeipigia kelele jukwaani. Ndivyo ninavyoamini.

Kutoka mezani twende sokoni. Upande wetu wa mpaka, kuanzia Kiunga kurudi Kizingitini, Wabajuni ni wale wale, wana ndugu visiwani Somalia, na lugha yao ni moja. Msimu wa kaskazi, bahari ikitulia, vijana huzamia miambani kutafuta kambakoche. Wengine hutumia pweza: wanamfunga kwenye ncha ya fimbo na kumpeleka kwenye tundu la mwamba, na kamba, anayemwogopa pweza kuliko kitu chochote, anatoka mwenyewe. Ni kazi ya pumzi na macho. Mtu anatoka majini vidole vimekunjamana, mashavu yana alama ya miwani, na kikapuni ana kilo tatu, pengine nne.

Wanaowanunua wengi ni wafanyabiashara wenye majokofu, na baadhi yao ni Wakristo wa kutoka bara. Wavuvi huwaita matajiri. Tajiri ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu, mashine ya boti au pesa za matibabu ya mtoto, na mvuvi akishakopa hana ruhusa ya kuuza kwa mwingine. Bei anaitaja tajiri, na mizani ni ya tajiri. Nimewahi kumtazama mmoja akipima. Ndoano ya mizani inaning'inia kwenye boriti, mfuko unatundikwa, na kabla mshale haujatulia amekwisha kutaja uzito na kuushusha. Kamba aliyevunjika papasi anashushwa daraja. Maji yaliyomo mfukoni anayakatia robo kilo, hata mfuko ukiwa mkavu. Kijana aliyezamia tangu alfajiri haulizi, kwa sababu daftari la deni liko mkononi mwa yule yule. Juu ya jokofu palibandikwa karatasi yenye jina la Yesu kwa herufi kubwa nyekundu.

Siku nyingine, bandari nyingine ndogo, nilimwona mama Mkristo akinunua samaki. Alitundika, akangoja. Mshale ulicheza, ukapunguza, ukasimama. Akamwita mvuvi asogee asome mwenyewe. Akaandika kwenye daftari lake, kisha kwenye kijidaftari cha mvuvi. Yote yalichukua nusu dakika zaidi. Sikuona karatasi yoyote juu ya jokofu lake, na sikumsikia akitaja dini. Mzee wa Kibajuni niliyekuwa nimeketi naye akaniambia, “Yule mama ana Mungu.” Mzee yule hajawahi kukanyaga kanisani na hana nia ya kwenda. Lakini alimtukuza Mungu pale pale, kwa kinywa chake, kwa sababu ya mshale wa mizani ulioachwa utulie. Yesu mwenyewe, kwenye mahubiri yake ya mlimani, alisema mambo yatakuwa hivyo: watu wataona matendo, na sifa itamwendea Baba. Wahenga nao walikwisha kusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna jambo zito zaidi ambalo mimbari zetu zimelinyamazia. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku uuzaji nje wa makaa ya Somalia, kwa sababu pesa zake zilikuwa zikiwalisha wapiganaji wa Al-Shabaab, na kwa sababu migunga ya Jubaland ilikuwa ikikatwa bila huruma. Miezi michache baadaye vikosi vyetu viliingia Kismayo na kukuta mamilioni ya magunia ya makaa yamerundikwa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika, ripoti baada ya ripoti, kwamba majahazi yaliendelea kuondoka na shehena kuelekea Ghuba. Novemba 2015 shirika la Kenya, Journalists for Justice, likatoa ripoti iliyowahusisha maafisa wa jeshi letu na biashara hiyo pamoja na magendo ya sukari. Jeshi lilikana.

Mimi si hakimu, na sina ushahidi wa kumhukumu mtu. Lakini wapo askari, makarani wa bandari na wafanyabiashara, Wakristo kwa Waislamu, waliojua kila gunia lilikotoka na lilikokwenda. Baadhi yao ni waumini wetu. Walirudi nyumbani likizo, wakasimama kanisani kutoa shukrani, tukawapigia makofi na kuwaombea wabarikiwe zaidi. Nani aliwauliza walichotia saini? Mkristo aliyekataa kutia saini gunia moja la marufuku, akahamishwa kituo au akanyimwa cheo kwa ajili hiyo, alimtukuza Mungu mahali ambapo hapakuwa na shahidi. Naamini watu wa namna hiyo walikuwepo, ingawa hawatajulikana kamwe.

Fedha ndipo tunapojulikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango ambao Rais William Ruto aliutoa kwa parokia ya Soweto urudishwe. Wengi waliona ni siasa. Mimi niliona kanisa likikumbuka kwamba Mungu hana shida ya pesa kiasi cha kufumba macho.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa kwamba Yesu aliwatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote, na kwamba Mkristo anayefanya kazi kimya kimya Kismayo ni mwoga aliyejificha nyuma ya mizani. Sidharau mahubiri. Wapo Wasomali waliomwamini Kristo na kulipa kwa maisha yao, na ninawaheshimu kiasi kwamba naona aibu kuandika habari zao nikiwa nimekaa salama Mombasa. Lakini anayetoa hoja hiyo na awaangalie waliofia huko, aone walikuwa wakifanya nini walipouawa. Padre Pietro Turati, Mfransisko mzee aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa ukoma, aliuawa Jilib mwaka 1991 nchi ilipovunjika; hakutaka kuwaacha. Daktari Graziella Fumagalli aliuawa Marka mwaka 1995 katika kituo cha kutibu kifua kikuu. Annalena Tonelli, aliyeanzia Wajir akitibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji, aliuawa Borama Oktoba 2003. Wote hao walikutwa na mauti kwenye kazi za mikono.

Na Sista Leonella Sgorbati tunamjua, maana alikuwa wetu. Alikuja Kenya mwaka 1970, akafanya kazi Nyeri, kisha Nkubu kule Meru akaongoza chuo cha wauguzi. Wauguzi wengi waliotutibu katika hospitali za nchi hii walipita mikononi mwake. Akiwa na miaka zaidi ya 60 alikwenda Mogadishu kuanzisha chuo kama hicho kwenye hospitali ya SOS, na akaishi kuwaona wahitimu wa kwanza. Tarehe 17 Septemba 2006 alimaliza somo, akavuka barabara kwenda nyumbani, akapigwa risasi. Aliyekuwa akimsindikiza na kumlinda, Mohamed Mahmud, Mwislamu na baba wa watoto wanne, alikufa pamoja naye. Walioshuhudia wanasema sista alikata roho akirudia kwamba anasamehe. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri Mei 2018.

Kila nikisoma habari za Leonella, huwa nasimama kwa Mohamed Mahmud. Makanisa tumemtaja sista maelfu ya mara na mlinzi wake mara chache. Hakuwa na deni kwa mtawa wa Kitaliano. Angeweza kurudi nyuma. Vivyo hivyo, Desemba 2015, katika basi la Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo mbele ya bunduki za Al-Shabaab. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Mkristo anayetaka kumtukuza Mungu pwani hii lazima amshukuru pia kwa watu hawa, kwa majina, mimbarini, Jumapili. Akina mama na akina baba wenye imani nyingine walitupenda kwa damu yao. Hata uharibifu tumeupata pamoja: Kismayo ilipotekwa na Al-Shabaab na wenzao mwaka 2008, watekaji walibomoa jengo la zamani la kanisa Katoliki, kisha wakageukia makaburi ya mawalii wa Kiislamu.

Sasa nirudi kwetu, kwenye jambo ambalo halihitaji pasipoti. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa visiwani, watu wasio na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwatetea, waliporwa vyombo na kufukuzwa. Walikuja kwa majahazi mpaka Lamu na Mombasa, na maelfu waliwekwa kambini Jomvu. Kambi ilifungwa miaka ya tisini, watu hawakuisha. Wako wanaoishi hadi leo Jomvu, Mikindani na Changamwe bila kitambulisho cha nchi yoyote, wanazungumza Kiswahili kitamu kuliko chetu, na kila mtu anayewauzia, kuwapangisha au kuwaajiri anajua kwamba hawawezi kwenda polisi. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako. Huwezi kufungua akaunti. Mwenye nyumba akipandisha kodi katikati ya mwezi, unalipa. Tajiri wa soko la samaki akikutuma siku nzima kukwangua magamba akakupa nusu ya anachompa mwenzako, unapokea na kusema ahsante.

Jomvu ni mahali ambapo Wamethodisti walikuwa na misheni tangu karne ya 19, na leo mitaa hiyo imejaa makanisa ya kila aina. Wenye nyumba wengi ni washarika. Wenye vibanda sokoni pia, na baadhi ya maafisa wa usajili. Mchungaji au padre anayesoma gazeti hili leo asubuhi kabla ya ibada ana watu hao mbele yake. Awaulize wanampangisha nani, kwa bei gani, na kama mpangaji asiye na kitambulisho anapewa risiti sawa na mwenye nacho. Awaombe walioshika mizani waiache itulie. Na kama usharika una wakili miongoni mwa waumini wake, amtume akae siku moja kwa wiki na wazee wa Kibajuni, awaandikie barua na kufuatilia majalada yao, bila malipo na bila kuwaalika kwenye ibada.